Maswali ya Wasomaji: Kinjeketile wa jukwaani na Kinjeketile wa historia

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Tabora. Wanafunzi wangu walipokuwa wakijiandaa kuigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, nilifungua makala ya tamthilia hiyo katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuihariri, nikakuta muhtasari unasema kwamba Kinjeketile ananyongwa kabla wapiganaji hawajalishambulia boma la Mahenge. Nilisahihisha kwa kufuata kitabu, lakini mhariri mwingine alirudisha maneno ya awali na kunituhumu kwamba ninapotosha historia. Aliondoa pia aya yangu kuhusu onyesho letu, ambalo wazazi kutoka Isevya na Ng'ambo walilitazama wakiwa wamejaa hadi madirishani. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, salaam zimefika. Mnabishania watu wawili wenye jina moja. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, na boma la Mahenge lilishambuliwa mwishoni mwa mwezi huohuo. Kwa hiyo mwenzako hakukosea tarehe, ila ameiweka mahali pasipo pake. Hussein mwenyewe anatahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha ubunifu, wala si picha ya yule mtu halisi. Jukwaani yu hai baada ya jeshi kushindwa Mahenge, yumo kifungoni pamoja na Kitunda, kiongozi wa wapiganaji katika tamthilia, na anakataa kutamka kwamba maji, ile dawa aliyowapa watu ili risasi zisiwadhuru, yalikuwa uongo, ingawa kutamka hivyo kungeweza kumpunguzia mateso. Ukimnyonga mapema katika muhtasari, msomaji hatajua kamwe kwamba tamthilia inafikia kilele chake katika kukataa huko, na mwanafunzi atakayeunakili kwa ajili ya mtihani atapoteza alama bila kujua sababu.

Usiyafute tena maneno yake, kwa maana kurudishiana maandishi huishia kwa wote wawili kufungiwa wasihariri. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo, taja toleo unalolitumia, sehemu ya mchezo na ukurasa, kisha pendekeza kwamba muhtasari usimulie yaliyomo katika tamthilia peke yake, na kifo cha Mohoro kihamishiwe kwenye sehemu ya usuli wa kihistoria pamoja na rejeo la kitabu cha historia. Pendekezo la namna hiyo ni gumu kulikataa, kwa sababu halimnyang'anyi mwenzako ukweli wake. Mkikubaliana, andika katika kisanduku cha maelezo ya uhariri sentensi kamili, kwa mfano: "Nimerudisha mfuatano wa matukio kama ulivyo katika tamthilia, tazama majadiliano." Neno "nimesahihisha" peke yake huwachokoza watu bure.

Muhtasari hauhitaji rejeo jingine, kwa kuwa kitabu chenyewe ndicho ushahidi. Tafsiri ya maana ni jambo tofauti: ukitaka kuandika kwamba Kinjeketile anawakilisha kiongozi anayezidiwa nguvu na neno lake mwenyewe, mtafute mhakiki aliyelichapisha wazo hilo, hata kama wewe umelifundisha darasani miaka yote. Dondoo nazo zitoke katika matini ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1969. Nimekwisha kuona watu wakidondoa tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1970, ambayo ni ya Hussein mwenyewe, kisha wakairudisha katika Kiswahili chao, jambo ambalo kwa kweli linasikitisha. Ziwe fupi, maana kazi hiyo bado ina hakimiliki.

Kuhusu onyesho lenu, namuunga mkono aliyeliondoa. Tamthilia hii imeigizwa na shule nyingi, na makala haiwezi kuzibeba zote. Gazeti likiliandikia habari, sentensi moja itatosha, na ni afadhali aiandike mtu asiyehusika na shule yenu. Kinachoweza kuisaidia makala ni picha nzuri ya jukwaa uliyoipiga mwenyewe na ukakubali itumiwe na kila mtu, mradi wazazi wa wanafunzi wanaoonekana wameridhia. Picha ya jalada la kitabu usiipandishe humo kana kwamba ni yako, hata kama umeipiga kwa simu yako, kwa sababu jalada lina wenyewe.