Wenye wanja na mwenye zipu

Swali la wiki hii: ni vazi gani la jukwaani lililochezea vizuri zaidi mpaka wa nguo ya kiume na ya kike? Najua wengi watamtaja mwimbaji David Bowie, na sina ugomvi nao. Kura yangu naipeleka kwa Suzi Quatro, mwimbaji na mpiga besi wa rock, na ovaroli yake ya ngozi nyeusi.

Mwaka 1971 Marc Bolan wa bendi ya T. Rex alitokea kwenye runinga ya Uingereza, kipindi cha Top of the Pops, na vumbi la kumeremeta chini ya macho. Baada ya hapo wanaume wa glam rock, yaani rock ya mavazi ya kumeremeta, hawakushikika tena: satini, manyoya shingoni, wanja, raizoni ndefu (ndiyo, zilezile zilizotamba Dar es Salaam pamoja na bugaluu). Steve Priest wa bendi ya Sweet aliirembulia kamera midomo imekolea rangi, na watoto sebuleni wakacheka huku wazazi wakiguna.

Sasa katikati ya marembo hayo, mwaka 1973, anaingia Suzi, binti wa Detroit, Marekani, mfupi, nywele za mkato wa vurugu, hana hereni wala mkufu wa maana. Zipu moja ndefu inashuka mbele kutoka shingoni. Gitaa la besi limemning'inia nyongani, kubwa kuliko kiwiliwili chake, naye anapiga ukelele kuliko bendi nzima. Nyuma yake wanaume watatu wamejazia mikono, wanamfuata yeye. Wimbo wake “Can the Can” ukashika namba moja Uingereza.

Ngozi aling'ang'ania mwenyewe, kwa mapenzi yake kwa Elvis Presley. Prodyuza Mickie Most ndiye aliyependekeza iwe kipande kimoja. Na Elvis mwenyewe wanja aliujua tangu ujana wake, kwa hiyo hata hiyo “nguo ya kiume” Suzi aliyoiazima ilikwisha kuchanganywa zamani.

Ninachokipenda ni kwamba Suzi hakujificha. Ovaroli ilimbana, kila mtu aliona ni mwanamke, na magazeti yaliikodolea zipu macho kupita kiasi. Bolan na wenzake waliongeza mapambo, watu wakawaita wabunifu. Yeye aliyapunguza, akaulizwa kwa nini hafanani na msichana. Joan Jett, akiwa bado kinda huko Marekani, alimwiga mpaka nywele, na mwaka 1975 akawa miongoni mwa walioanzisha The Runaways, bendi ya rock ya wasichana watupu.