Injini ya mileji kubwa kabla hujaifunga turbo

Kaka nimekupata, una injini mbili za kuchagua, moja imetembea kilomita 240,000 na bado iko kwenye gari, nyingine 130,000 ila imelala stoo miaka, na unataka kufunga turbo, ile feni inayosukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini. Mimi ningeanza na hiyo ya 240,000, maana ile ya stoo huwezi kuisikia ikiunguruma na namba ya dashibodi watu wanairudisha nyuma kama mchezo.

Ila pima kompresheni kwanza, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Injini iwe ya moto, toa plagi zote, kanyaga mafuta mpaka mwisho huku unapiga stata. Angalia zaidi silinda zinalingana vipi, tofauti ikizidi asilimia 10 shtuka. Iliyo chini itie oili kidogo upime tena: ikipanda ni ringi za pistoni zimechoka, isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi.

Halafu kata filta ya oili uikunjue karatasi yake juani. Niliwahi kukuta chenga zinameremeta kama rangi ya kucha, kumbe beringi za kranki zinaisha na injini inanguruma vizuri tu!

Ukichukua, badilisha mkanda wa taiming na sili kabla ya turbo. Kama injini haikutoka na turbo kiwandani, presha ya turbo weka ndogo, na kompyuta ya injini mpe fundi anayejua kuiprogramu kwa vipimo, usibahatishe, petroli ikipungua kwenye mchanganyiko pistoni inatoboka.