Mtoto wa miaka 15 na amri ya zuio

SWALI: Naishi London. Halmashauri imeniandikia kwamba itaomba mahakama imwekee mwanangu wa miaka 15 amri ya zuio, kwa ajili ya kelele na vurugu za vijana kwenye ngazi za jengo letu. Hajawahi kushtakiwa. Jirani anasema tukubali tu yaishe, maana si kesi ya jinai. Kweli mtoto huwekewa amri hiyo? Na ni haki?

JIBU: Pole sana, mama. Ndiyo, huwekewa. Sheria ya mwaka 2014 ya England na Wales inamgusa yeyote aliyefikisha miaka 10. Kwa walio chini ya miaka 18 shauri husikilizwa na mahakama ya vijana, na amri haizidi miezi 12.

Lakini msikubali ili yaishe. Kwa kuwa si jinai, amri hupatikana kwa urahisi: inatosha hakimu aone madai yanaelekea kuwa kweli, na hata maneno ya jirani asiyefika mahakamani yanaweza kupokelewa. Uzito unakuja akiivunja. Uvunjaji ukithibitishwa pasipo shaka, anaweza kuwekwa chini ya usimamizi au kukatazwa kutoka nje saa fulani, na wa miaka 14 hadi 17 anaweza hata kuwekwa kizuizini hadi miezi 3. Jina lake nalo linaweza kutangazwa, hakimu asipoamuru lifichwe. Wakili wenu aliombe hilo mapema.

Pambaneni na masharti. Akikatazwa kuonekana na wenzake anaosoma nao, au kusimama kwenye ngazi anazopita kila siku kwenda kwao, amevunja amri kabla wiki haijaisha. Sheria inataka masharti yasiingilie saa za shule kadiri inavyowezekana. Mwonyesheni hakimu ratiba yake.

Kama ni haki? Kwa mtoto wa miaka 11 au 12 naipinga kabisa. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye, si karatasi ya mahakama. Kwa wa miaka 15 naikubali pale tu majirani wanapoteseka kweli na njia nyingine zimeshindwa, tena iwe na sharti la kumsaidia, si makatazo matupu.

Kabla ya kuomba amri, halmashauri lazima ishauriane na kitengo kinachoshughulikia vijana wakosaji. Wapigie leo, uulize kama wameshaulizwa na walijibu nini.