Mji Mkongwe: ulizia chumba kwanza, hoteli baadae

SWALI: Dada habari za kazi. Nataka kumpeleka mama Zanzibar mwezi wa saba, ni mwalimu mstaafu yuko Songea, miaka yote anasikiliza taarabu redioni na Bi Kidude anampenda sana ila hajawahi kuvuka bahari. Sitaki hoteli kubwa za beach kule Nungwi, nataka tulale Mji Mkongwe kwenye zile hoteli ndogo za kwenye majumba ya zamani. Sasa nasikia kuna kelele, alafu mama magoti yanamsumbua. Tukae mtaa gani?
Msomaji wa Tabata, Dar

JIBU: Mdogo wangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu, na wewe hongera kwa wazo hili, manake watu wengi tunawapeleka wazazi wetu hospitali tu.

Mji Mkongwe ni mdogo, unaumaliza kwa miguu, ila mtaa na mtaa hazifanani hata kidogo. Shangani ndo kuna mikahawa, baa na wageni wengi, usiku watu wanapita wanaongea mpaka saa sita huko, na Forodhani pale jirani jioni ni moshi wa mishikaki na makelele ya wauza urojo, raha kutembelea ila sio kulala juu yake. Malindi uko karibu na bandari, Darajani kuna soko na daladala. Ukiingia ndani kidogo, Kiponda na Hurumzi, mchana kuna maduka na watalii wanapishana kwenye vichochoro, lakini duka zikishafungwa unasikia viatu vya mtu anaepita chini na mazungumzo ya wazee barazani basi. Ila huko gari haifiki. Kwa mama mwenye magoti mimi ningetafuta Vuga au Baghani, kumetulia na teksi inakusogeza karibu, na Vuga ina jambo jingine ntakwambia mbele.

Sasa hapo ndo wengi wanapokosea, wanachagua hoteli kwa picha ya paa na bahari alafu chumba wanapangiwa chochote. Nyumba hizi ni za ghorofa tatu nne, ngazi ni za mbao, nyembamba na zimesimama kweli kweli, na lifti usitegemee, nyumba ni za urithi na mabadiliko yanapitia kwenye Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe, mtu hawezi tu kuamka akatoboa sakafu. Chumba kizuri kuliko vyote mara nyingi kiko juu kabisa na chai ya asubuhi nayo inanywewa paani. Kwa iyo piga simu, usiishie kwenye kubuki mtandaoni, ongea na mtu wa mapokezi umuulize hivi: mna chumba cha chini au ghorofa ya kwanza, ngazi ngapi kutoka mlangoni mpaka kitandani, zina mkono wa kushikia, mama akishindwa kupanda mtamletea chai chini? Uliza dirisha linaangalia uani au barabarani, na jenereta imewekwa wapi, manake umeme ukikatika saa nane usiku usije ukakuta inanguruma chini ya mto wako. Chumba cha uani ndo cha usingizi, hata kama hakina mandhari.

Kuhusu adhana, misikiti ni mingi na karibu popote utakapolala utasikia ya alfajiri, kama saa kumi na moja hivi. Mimi hiyo siihesabu kuwa kelele, ndo mji wenyewe unaamka, ila kama mama usingizi wake ni mwepesi uliza msikiti wa karibu uko upande gani wa chumba.

Bei: sema mapema kuwa nyie ni Watanzania uulize bei ya wakazi, hoteli nyingi wanayo ila hawaiweki mtandaoni, na uulize kama kodi na ile tozo ya kila usiku zimo humo humo au zinaongezwa siku ya kuondoka.

Mwezi wa saba ni msimu wa upepo wa kusi, bahari inachafuka, boti inachukua kama saa 2 na mtu ambae hajazoea anaweza kutapika njia nzima. Pandeni ya asubuhi, au kama mfuko unaruhusu mpandishe ndege, ni kama dakika 20 tu. Mkishuka bandarini mtafuatwa na mapapasi, wale wanaowinda wageni, kila mmoja anajua hoteli "nzuri zaidi", wewe waambie hotelini wawatumie mtu na mchukuzi wa mizigo na mkokoteni wake, mkubaliane bei kabla.

Na taarabu sasa. Vuga ndo nyumbani kwa Culture Musical Club, kikundi cha tangu 1958, na mjini humo humo kuna Nadi Ikhwan Safaa ambao wameanza 1905, yaani walikuwepo kabla hata Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, hajaenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Waulize watu wa hoteli siku za mazoezi, usisubiri onyesho la watalii. Mama aliemsikia Bi Kidude redioni tu, ukimkalisha kwenye kiti mita mbili kutoka kwenye kanuni, kile kinanda cha nyuzi, na fidla, nakuambia atakuombea dua mpaka ushangae. Bi Kidude mwenyewe tulimpoteza Aprili 2013 lakini wapo waliopiga nae.

SWALI: Mimi nilishaenda mwaka jana, hoteli ya bei mbaya Mji Mkongwe, jina nalihifadhi. Ukuta unadondosha unga mweupe mpaka kwenye begi, chumba chembamba kama korido, na wifi inashika mlangoni tu. Nilipigwa?
Kaka wa Mwanza

JIBU: Kaka pole, ila kwa hayo matatu hukupigwa, hivo ndo nyumba zilivyo. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita na zaidi, ndo mana ndani kuna ubaridi mchana hata feni ikizimwa na ndo mana wifi haipenyi. Wembamba wa chumba ni wa boriti: dari imebebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko haukupi zaidi ya kama mita 3 hivi ukawa bado na nguvu, kwa iyo fundi alivuta chumba kwa urefu. Ukilala chali utaziona, nyeusi, zimepangwa moja moja, nyingine zimepinda kidogo vile vile zilivyotoka msituni.

Ule unga nao ni chokaa inapumua. Unyevu unapanda toka chini, unatoka na chumvi, plasta inachubuka, inapakwa tena. Ambae ukuta wake haudondoshi kitu mara nyingi kapiga sementi, na sementi inafungia maji ndani, mawe yanaoza taratibu mpaka siku nyumba inaachia. Mimi hili linaniuma. Mji huu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na bado tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la zamani la sultani, ilianguka mchana, ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa iyo mwenye hoteli anaepaka chokaa kila mwaka, hela yako ya chumba imefanya kazi.

Cha kudai ni kingine. Harufu ya ukungu kwenye mashuka, AC inayodondosha maji, chandarua chenye matundu kwenye kitanda cha semadari kilichochongwa vizuri, bafu isiyo na maji ya moto wakati uliambiwa yapo. Hayo shuka chini uombe kubadilishiwa chumba usiku huo huo, usisubiri uondoke ndo uandike.

SWALI: Tunatarajia kufunga ndoa Disemba na tunataka siku chache pale. Tutaulizwa cheti? Na bia zipo? Mchumba wangu avae nini?
Dogo wa Kampala

JIBU: Kuna sehemu wanauliza cheti, hasa zile ndogo za kifamilia, kwa iyo pigeni picha muwe nacho kwenye simu, bure tu. Bia baadhi ya hoteli zipo, nyingine hawauzi kabisa na hawataki uingie nayo, uliza kabla hujalipa. Mavazi, mabega na magoti yafunikwe mkiwa mtaani wote wawili, na wewe usitoke kifua wazi. Mkipita mbele ya wazee barazani toeni salamu, na msipige picha ya mtu au mlango wa nyumba ya mtu bila kuomba. Juu paani hotelini vaeni mnavyopenda.