Kama asubuhi lazima uzimue, usiache pombe peke yako chumbani

Watu wakishajua nimeacha pombe huwa wananivuta pembeni, hasa hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, jioni mizigo ikipungua, na karibu wote swali lao ni lile lile, hivi ngosha na mimi nimefikia pa kwenda hospitali au bado? Afu kabla sijajibu wanaanza kujipima wenyewe, mi nakunywa bia tu gongo sigusi, mi kazini naenda kila siku, mi nikiwa ziwani sinywi kabisa. Nawaelewa. Ila kwa nilivyopitia, aina ya pombe haikupi jibu, na hela unayoingiza haikupi jibu pia, kuna watu wana maboti matatu na hali yao ni mbaya kuliko wabeba mizigo. Mi nawauliza kitu kimoja tu, ukiamka asubuhi na hujagusa kitu tangu jana, mwili wako unakuwaje?

Kama ni hang'ova ya kawaida, kichwa, kiu, ikifika mchana umekaa sawa, hiyo nitaigusa huko chini. Naongea na wewe ambaye mikono inatetemeka, jasho linakutoka alfajiri na baridi ya ziwa ipo, moyo unaenda mbio, unataka kutapika na tumboni hamna kitu, halafu ukizimua kidogo, hata nusu glasi, baada ya muda mfupi umetulia umekuwa mtu. Mi nilifika huko. Kwa mama ntilie nilikuwa naomba chai nusu kikombe maana kikijaa inamwagika kabla haijafika mdomoni, nakishika kwa mikono miwili, na naenda mapema sana wenzangu hawajafika. Hesabu za mzigo nilikuwa namwambia kijana aandike, nasema miwani nimesahau nyumbani. Ukiwa umefika hapo ndugu yangu jibu ni ndiyo, nenda hospitali, na uende KABLA hujaacha, siyo uache kwanza ndo uende.

Hiyo ya kabla ndo wengi hawaijui. Tumezoea kuamini kuacha pombe ni suala la moyo, mtu anaapa mbele ya mchungaji, anamwapia mke wake, anajifungia ndani wiki nzima mpaka imtoke. Kwa anayekunywa jumamosi kwa jumamosi hiyo inaweza kukubali. Kwa mtu ambaye mwili umeshazoea pombe kila siku, kukata ghafla kunaweza kumuua, na hapa simtishi mtu. Nilivyoelezwa ni kwamba pombe inaupoza ubongo, sasa ukiupoza kila siku miaka na miaka na wenyewe unajifunza kusukuma kwa nguvu upande wa pili ili usizimike, ni kama watu wanaovuta kamba pande mbili, upande mmoja ukiachia ghafla ule mwingine unaanguka wote. Ndo maana kutetemeka na jasho vinaanza kama masaa 6 mpaka 12 tangu glasi ya mwisho, kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa maishani, na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne hivi wengine wanachanganyikiwa kabisa, homa, hawajui walipo, wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu ambao hawapo. Hali hiyo ya mwisho madaktari wanaiita delirium tremens na isipotibiwa watu wanakufa nayo.

Huku kwetu kandokando ya ziwa hiyo kitu ipo na tunaiona, ila tunaipa majina mengine. Anayejua dagaa anajua wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, kwa hiyo watu wanapanda nchi kavu kusubiri, na hizo siku za mbalamwezi ndo pombe inanyweka kambini mfululizo, asubuhi mpaka usiku, kila siku. Giza likirudi wanaingia ziwani na mtumbwini hamna pombe. Kuna jamaa tulikuwa tunapokea mzigo wake kutoka visiwa vya upande wa Ukerewe, usiku wa pili tu tangu waingie akaanguka kifafa humo humo ndani ya mtumbwi, akakakamaa, povu, wenzake wakamshikilia asitumbukie. Kambini ikasemwa amerogwa, kuna mtu ana wivu na nyavu zake, familia ikampeleka kwa mganga, na ng'ombe wakauzwa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mara ya mwisho umekunywa lini. Na mimi niliamini hivyo hivyo kwamba amerogwa, mpaka siku daktari ananielezea habari ya masaa nikawa nahesabu kimya kimya, nikaona yanalingana kabisa na usiku ule wa yule jamaa.

Kwa hiyo wewe unayesema nikiwa ziwani sinywi, sawa, nakuamini, lakini waulize unaovua nao usiku wa kwanza na wa pili unakuwaje. Hao watakwambia ukweli.

Sasa hospitali. Kinachowazuia wengi siyo hela, ni kwamba ukitaja daktari wa akili mtu anaona Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Mirembe iko Dodoma, na hakuna anayekupakia kwenye gari kukupeleka huko kwa sababu umesema unataka kuacha pombe. Huduma ya afya ya akili ipo kwenye hospitali za hapa Mwanza, ipo Bugando, ipo Sekou Toure, na kama unaishi mbali, Sengerema au Kayenze au visiwani, anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, waeleze, wakuandikie rufaa. Unakaa kwenye benchi na watu wengine wanaosubiri, na hakuna aliyeandikwa usoni amefuata nini. Mi nilikaa pale naogopa kukutana na mtu wa kanisani, na kweli nilikutana naye, na yeye alikuwa amekuja kwa shida zake, tukasalimiana yakaisha.

Daktari mwenyewe alikuwa kijana, wa kumzaa mimi. Akasema mzee shikamoo, karibu ukae, halafu akaniambia ninyooshe mikono mbele nitanue vidole. Tukabaki wote wawili tunaiangalia mikono yangu inavyocheza. Hakunisema, hakutikisa kichwa, aliandika tu kitu kwenye faili kisha akaanza maswali, glasi ya mwisho ilikuwa saa ngapi, unakunywa nini na kiasi gani kwa siku, umewahi kuanguka kifafa, umewahi kuona vitu, kuna dawa yoyote unatumia. Hayo maswali jiandae nayo na usipunguze hata kidogo, maana watu wanasema daktari nakunywa chupa mbili, hawasemi kama ni mbili za bia au mbili za pombe kali, na daktari anapanga dozi kwa kusikiliza mdomo wako. Ukimdanganya unajipunguzia dawa mwenyewe.

Matibabu yenyewe hayana maajabu. Wanakupa dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi ni diazepam, hii tunayoijua kama valium, wanaanza na dozi ya juu wanaishusha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na wanakuchoma vitamini B1 kwa sababu mtu wa pombe mwilini kwake imeisha na ikikosekana sana ubongo unaharibika. Nesi aliniambia B1 inatangulia ndo dripu ya glukosi ifuate, maana ukimkimbizia glukosi mtu aliyeishiwa B1 unaweza kumletea madhara kichwani, na hapo nikawakumbuka wale wanaotundikiwa dripu vichochoroni kila wakizidiwa na pombe. Mi nililazwa. Wengine wanapewa dawa wanarudi nyumbani, ila lazima kuwe na mtu wa kueleweka wa kuwashikia zile dawa. Kama umewahi kuanguka kifafa, au una ugonjwa mwingine, au unaishi peke yako, tegemea kulazwa, na usibishane nao kwenye hilo.

Naomba mnisikilize hapa. Usiende duka la dawa ukanunua valium ujitibu mwenyewe. Valium na pombe vikikutana vinaweza kukukata pumzi ukiwa usingizini. Na nyie mama zangu, dada zangu, najua mmechoka, najua mnauziwa dawa za kumwekea baba kwenye mboga bila yeye kujua eti aichukie pombe, tafadhali msifanye. Kuna dawa ya hospitali inaitwa disulfiram ambayo ukinywa pombe juu yake unatapika, uso unawaka, moyo unaenda mbio na presha inaweza kuanguka, hiyo inatolewa kwa mtu anayejua na aliyekubali. Aliyewekewa kwa siri akaenda kujaza chupa nne anaweza asirudi.

Nilisema nitagusa wale wasiotetemeka. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 linaitwa AUDIT, linaanzia alama 0 mpaka 40, linauliza vitu kama unakunywa mara ngapi, ukianza unaweza kusimama, umewahi kushindwa kazi zako, umewahi kusahau ya jana usiku, umewahi kuumia au kumuumiza mtu, kuna ndugu amewahi kukwambia punguza. Ukipata 8 kwenda juu unywaji wako una hatari, 20 kwenda juu mwone mtaalamu maana dalili za utegemezi zipo. Muombe mhudumu wa afya akusomee, ni dakika chache. Kuna wengi wakijibu kwa uaminifu watajikuta wanahitaji tu mtu wa kukaa nao waongee na kupanga jinsi ya kupunguza, hawahitaji kitanda wala sindano, na hilo nalo ni jibu zuri la kupata. Ila dada mwenye mimba asisubiri alama, aende tu.

Halafu kuna kitu cha huku kwetu ambacho watu wa mbali hawana. Tumekulia majini, kichocho tunacho wengi, na hiki cha tumbo kinaumiza ini na kinaweza kukufikisha kwenye kutapika damu na tumbo kujaa maji, yale yale ambayo pombe nayo inaleta. Nimeona mtu tumbo limevimba mtaa mzima unasema pombe hiyo imemmaliza, hakuna hata haja ya kumpeleka. Ipo haja! Kichocho kina dawa, na hata kama ni pombe kweli ini likipumzishwa mapema linapata nafasi. Ukitapika damu, ukitoa choo cheusi kama lami, macho yakiwa ya njano, hiyo siyo ya kujadili, ni leo. Na kama uko kwenye dawa za TB au ARV mwambie daktari, dawa za TB na pombe vyote vinalipiga ini, ila usije ukaacha ARV eti kwa sababu jana ulikunywa.

Kama umeamua lakini siku ya kuonana na daktari ni kesho kutwa, usikate yote leo kwa hasira. Shusha taratibu, kula, kunywa maji, usilale peke yako, na mtu mmoja nyumbani ajue unachofanya. Mi nilimwambia mama watoto usiku ule na yeye ndo alinisindikiza, alikaa na zile karatasi kwenye mkoba wake, na maswali niliyoyasahau aliyajibu yeye, hata yale ambayo sikutaka yajibiwe. Nenda na mtu wa hivyo. Na kama una ndugu ambaye ameshaacha tayari na ameanza kutetemeka sana, anaweweseka, anaona vitu, msisubiri kupambazuke. Akianguka kifafa mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimwekee kijiko mdomoni, akitulia mkimbizeni hospitali, mkifika mseme pale pale mlangoni huyu ni mnywaji na aliacha siku fulani, hiyo sentensi moja inawaokolea muda mwingi.

Dozi ikiisha hamu haiishi siku hiyo hiyo. Kuna dawa za kupunguza hamu kama naltrexone, muulize daktari kama inakufaa na kama inapatikana, na zile kliniki za kurudi kuongea usiziruke hata kama unajisikia mzima, mi zilinisaidia kuliko nilivyotegemea maana ndo sehemu pekee niliyokuwa naongea bila mtu kunipa mawaidha. Wengi wanarudia kunywa, tena wengine ndani ya miezi michache, na wakirudia wanaona aibu kurudi kwa daktari yule yule kwa hiyo safari ya pili wanajikatia wenyewe nyumbani kimya kimya. Hapo ndo pabaya zaidi, kwa sababu kila mwili unapopitia arosto ya pombe, yaani yale mateso ya kukata, ile inayofuata inaweza kuja kali kuliko ya kwanza, na aliyewahi kupata kifafa mara moja yuko kwenye hatari kubwa ya kukipata tena. Ukirudia, rudi na faili lako lile lile. Hawatakufukuza.