Tiketi ya Pamoja ya Chicago: Namna ya Kuwaona Simba wa Tsavo Bila Kupoteza Pesa Wala Siku

Simba wawili waliokuwa wakiwala wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898 hawako Kenya. Wako Chicago, nyuma ya kioo, katika jumba la makumbusho la Field Museum. Kiingilio cha jumba hilo ni kimojawapo kati ya vile vinavyouzwa kwa mkupuo kwenye tiketi ya pamoja iitwayo Chicago CityPASS. Waswahili wengi hupita mji huo kila mwaka, kwa mahafali, harusi au kumsalimia ndugu, na wengi huinunua tiketi hiyo. Wanaofaidi nayo kweli ni wachache, kwa sababu huinunua kwanza na kupanga baadaye.

Tiketi yenyewe iko hivi. Unalipa mara moja, unapata viingilio vitano. Viwili umeshapangiwa: Shedd Aquarium, jumba la samaki na viumbe wa majini, na Skydeck, roshani ya ghorofa ya 103 ya jengo la Willis Tower. Vitatu unachagua mwenyewe kwenye orodha ambayo ina Field Museum, jumba la sayansi na viwanda la Griffin, jumba la sanaa la Art Institute, jumba la nyota na sayari la Adler Planetarium, roshani nyingine ya 360 Chicago, na safari ya boti ya Shoreline mtoni. Ipo pia tiketi ndogo, C3, ya sehemu tatu tu, zote za kuchagua. Zote mbili hudumu siku tisa mfululizo, na siku unayoingia mahali pa kwanza nayo inahesabiwa. Ukianza Jumamosi, mwisho ni Jumapili ya wiki inayofuata, si Jumatatu. Watu huikosa sehemu ya tano kwa kosa hilo hilo la hesabu.

Kabla ya kulipa, chukua karatasi. Andika sehemu ambazo ungekwenda hata kama tiketi ya pamoja isingekuwepo. Fungua tovuti ya kila sehemu, tazama bei ya siku unayokusudia, maana bei ya wikendi ya kiangazi haifanani na ya Jumanne ya Februari, kisha jumlisha. Zikifika nne au tano, tiketi kubwa karibu kila mara inalipa. Zikiwa tatu, linganisha na C3. Zikiwa mbili, lipa moja moja mlangoni mwake. Usijidanganye kwamba utaenda tano kwa kuwa umelipia tano. Familia yenye watoto wadogo haiwezi majumba mawili makubwa kila siku. Siku ya pili watoto wanalia, wazazi wananuniana, na hakuna anayekumbuka alichokiona.

Umri una maana yake pia. Bei ya mtoto ni kuanzia miaka 3 hadi 11. Wa miaka 12 hulipa kama mtu mzima, na wa chini ya miaka 3 kwa kawaida haingii kwenye hesabu, basi usimnunulie.

Na hapa tuseme wazi kwa wale wanaoishi Illinois, hasa familia za Wakongo, Warundi na Wakenya walio Chicago na miji ya jirani: huenda tiketi hii si yenu. Field Museum huwapokea wakazi wa Illinois bure siku za Jumatano, kwa kiingilio cha kawaida. Shedd nayo hutenga nyakati za bure kwa wakazi, nyingi zikiwa za jioni, na ratiba yake huwekwa kwenye tovuti yao. Unachohitaji ni kitambulisho chenye anwani ya jimbo na kuweka nafasi mapema, kwa kuwa nafasi hizo hugombaniwa. Wenye kadi za msaada wa chakula waulize punguzo lao, lipo kwenye majumba mengi makubwa ya Marekani na hakuna aibu kuliomba. Limewekwa kwa ajili yao. Mgeni aliyetoka Nairobi, Mwanza au London ndiye anayepaswa kuifikiria tiketi ya pamoja.

Ukishaamua, nunua kwenye tovuti rasmi. Ukinunua kwa dalali, siku mpango ukibadilika utakuwa unarushwa kati ya dalali na wenye tiketi. Tiketi huja kwenye simu, kila mtu na msimbo wake. Kisha, na hili ndilo linalowakwamisha wengi, kuwa na tiketi si kuwa na nafasi. Shedd na Skydeck hutaka uchague siku na saa ya kuingia, hatua ya pili baada ya kununua, kupitia kiungo kilichomo kwenye tiketi yenyewe. Julai na Agosti, wiki ya mapumziko ya machipuo mwezi Machi, na siku zinazofuata Krismasi, nafasi za asubuhi huisha mapema. Mtu anafika mlangoni na tiketi halali, anaambiwa nafasi iliyobaki ni ya saa kumi jioni. Weka nafasi zote usiku ule ule wa kununua.

Mkiwa mmekuja na wazee kutoka nyumbani, angalieni saa. Tiketi ikiandika 9:00 AM ni saa tatu asubuhi. Bibi aliyeambiwa "saa tisa" na mjukuu aliyezaliwa Marekani atakuwa tayari alasiri.

Sehemu za kuanzia ni Shedd na Field, kwa sababu zinatazamana. Ziko pamoja na Adler kwenye ufuko wa Ziwa Michigan, eneo wanaloliita Museum Campus, na kutoka Shedd hadi Field ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Kwa treni shuka kituo cha Roosevelt, kinachohudumiwa na njia nyekundu, kijani na chungwa, kisha tembea kuelekea ziwani kama robo saa. Anayechoka upesi apande basi namba 146, linamfikisha pale pale. Gari binafsi ni gharama tupu. Na siku ambayo uwanja wa Soldier Field, ulio jirani kabisa, una mechi au tamasha, maegesho hupanda bei na barabara hufunga. Tazama ratiba ya uwanja huo kabla ya kuchagua siku yako, hasa Septemba hadi Januari.

Shedd iwe ya kwanza, mara tu inapofunguliwa. Ikifika saa tano, ukumbi wa katikati umejaa vigari vya watoto na husogei. Usianze na vioo vya karibu na mlango ambako kila mtu husimama. Nenda moja kwa moja nyuma, kwenye bwawa kubwa la Abbott Oceanarium, waliko nyangumi weupe wa beluga, pomboo na fisi maji wa baharini. Kutoka juu utaona migongo tu. Shuka ghorofa ya chini, kwenye vioo vilivyo chini ya maji, umwone beluga akigeuza shingo kukutazama. Nyangumi wengi hawawezi kugeuza shingo hivyo, yeye anaweza kwa kuwa mifupa ya shingo yake haikuungana. Kisha teremka kwenye ukumbi wa Wild Reef kwa papa na samaki aina ya taa, halafu ndiyo urudi kwenye vioo vya mwanzo. Saa mbili na nusu hadi tatu zinatosha.

Kuleni mchana, pumzikeni nje kama hakuna baridi, kisha ingieni Field. Jengo lina ngazi nyingi upande wa kaskazini na kusini. Mwenye kiti cha magurudumu, kigari cha mtoto au magoti mabovu apitie mlango wa mashariki, ulio usawa wa ardhi. Jumba hufungwa saa kumi na moja jioni, na saa ya mwisho ya kuingia ni kumi. Ukiingia saa saba una saa nne, na utazihitaji zote. Wakati wa kuweka nafasi soma tiketi yako inakupa kiwango gani, kwa sababu maonyesho maalumu na filamu vina viwango vyake. Mambo yatakayotajwa hapa yamo kwenye kiingilio cha kawaida.

Ukumbi mkuu wa Stanley Field una tembo wawili wanaopigana, meno yamepishana. Watu hupiga picha na kupita. Simama. Tembo hao ni wa Kenya, walipigwa risasi katika safari ya Carl Akeley ya mwaka 1905 na 1906. Akeley ndiye aliyebadilisha kazi ya kuhifadhi wanyama: badala ya kujaza ngozi nyasi kama godoro, alichonga mwili mzima, msuli kwa msuli, kisha akaivisha ngozi juu yake. Zunguka nyuma ya tembo, tazama mikunjo ya ngozi penye goti, utaelewa.

Simba wako ghorofa hiyo hiyo kuu, upande wa wanyama wa Afrika. Wote wawili ni madume na wote hawana manyoya ya shingoni, jambo la kawaida kwa madume wa Tsavo. Mtu wa kwanza kushangaa husema ni wadogo. Ni kweli wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa hai. John Henry Patterson, mhandisi aliyewaua Desemba 1898, alizifanya ngozi zao mazulia nyumbani kwake kwa takriban miaka 25, kisha akaliuzia jumba hili kwa dola 5,000 miaka ya 1920. Ngozi iliyokanyagwa na kupunguzwa kingo haikutosha tena mwili wa awali. Wa kwanza, alipopimwa siku aliyouawa, alikuwa futi 9 na inchi 8 toka puani hadi ncha ya mkia, na alibebwa na watu wanane.

Kuhusu waliouawa, usitosheke na namba moja. Patterson baadaye alitaja 135. Uchunguzi wa kemikali za mifupa na manyoya ya simba hao, uliotolewa 2009, ulikadiria kama watu 35 ndio walioliwa. Vibarua wa Kihindi waliouawa walihesabiwa 28. Waafrika hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Ukiwa na watoto mbele ya kioo hicho, waambie hilo. Waambie pia kwamba mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitoa matokeo ya nywele zilizokuwa zimekwama kwenye matundu ya meno yaliyovunjika ya simba hao, na humo wakakuta binadamu, twiga, pundamilia, choroa, kuro na nyumbu. Jino bovu lilitunza orodha ya vyakula kwa zaidi ya miaka mia moja. Dakika ishirini hapo si nyingi.

Baada ya hapo panda juu kwa SUE, mifupa ya dinosaria Tyrannosaurus iliyopatikana South Dakota mwaka 1990 na kununuliwa kwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 8 mwaka 1997, na nguvu zikibaki shuka kwenye makaburi ya Misri. Usilazimishe.

Skydeck ni suala la hali ya hewa tu. Uko mita 412 juu, na wingu likishuka huoni hata jengo la jirani. Faida ya siku tisa ni hii: chagua siku yenye utabiri safi, asubuhi mapema, siku ya kazi. Foleni mbaya kuliko zote ni ya machweo. Visanduku vya kioo vinavyotokeza nje zaidi ya mita moja vina foleni yake ya pili ndani, na muda wa kusimama humo huhesabiwa, kwa hiyo kamera iwe tayari mkononi.

Jumba la sayansi la Griffin ni zuri lakini liko mbali kusini, Hyde Park. Lipe siku yake peke yake na upande basi namba 6. Humo imo nyambizi ya Kijerumani U-505, iliyotekwa tarehe 4 Juni 1944 mbali na pwani ya Afrika Magharibi. Kuitazama kwa nje kumo kwenye kiingilio. Kuingia ndani yake hulipiwa zaidi, na watu hulijua hilo wakiwa wameshafika. Art Institute hufungwa baadhi ya siku za katikati ya wiki, kwa hiyo isiachwe iwe ya siku ya mwisho. Adler wakati wa baridi ina upepo wa ziwani unaokata masikio njiani, ingawa hakuna mahali pengine panapokupa picha nzuri hivyo ya mji mzima.

Jambo dogo linaloharibu siku: tiketi za familia nzima kuwa kwenye simu moja. Baba akibaki kutafuta maegesho, mama na watoto wamekwama mlangoni. Simu ikizimika, wote wamekwama. Chapisha nakala, au mtumie kila mtu mzima zake. Na msimbo ukishaskaniwa, kiingilio hicho kimetumika, kwa hiyo usiruhusu uskaniwe kabla watu wote hawajafika.

Wanyama walio hai wa nchi kavu, akina simba, twiga na sokwe, hawamo kwenye tiketi hii, na huhitaji kuwalipia. Bustani ya Lincoln Park Zoo, iliyoanzishwa 1868, ni bure siku zote za mwaka. Mabasi 151 na 156 hufika. Ndipo alipoishi Bushman, gorila wa Kameruni aliyeletwa 1930 akiwa mdogo na kufa Januari 1951. Mwili wake sasa uko ghorofa ya chini ya Field Museum, na ukiwa njiani kutoka jioni hiyo ya kwanza unaweza kumpitia.