Baba hataki baba mkubwa apokee barua yangu ya posa

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Muheza. Barua yangu ya posa inaletwa mwezi ujao, na kwetu anayepaswa kuipokea ni baba mkubwa. Baba anasema kaka yake akiingia, yeye anatoka. Hawasemezani tangu sijazaliwa. Wengine wanasema ni shamba, wengine uchawi. Babu aliletwa Tanga kukata mkonge akitokea Kigoma, na kwao hatupajui. Alifariki 1991, mwaka ambao baba mkubwa aliingia chuo cha ualimu. Baba alizaliwa 1978 na shule aliishia darasa la sita. Bibi yupo hai. Mshauri mmoja kaniambia nichore mchoro wa familia. Nauchoraje, na utanisaidia nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Chukua karatasi kubwa (mimi hutumia mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita) na penseli, maana utafuta sana. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Mke na mume waunganishe kwa mstari wa kulala, watoto waning'inie chini yake, kifungua mimba kushoto, kitinda mimba kulia. Aliyefariki mtie alama ya X. Kama babu alioa wawili, kila mke apate mstari wake, ionekane nani ni tumbo moja na nani wamechangia baba tu. Waliogombana waunganishe kwa mstari wa meno ya msumeno. Wasiosemezana, mstari wao ukatike katikati. Mtoto aliyelelewa na asiyemzaa mchoree mstari wa nukta hadi kwa mlezi. Huo usiusahau hata kidogo, maana kwetu mengi yamejificha hapo. Vizazi vitatu vinatosha.

Daktari wa akili wa Marekani, Murray Bowen, ni miongoni mwa waliofundisha kumchora mtu pamoja na wazazi na babu zake. Alisema wawili wakivutana, mtafute wa tatu. Kwenu naona huyo wa tatu anaweza kuwa babu yako.

Tazama barua yako mwenyewe. Mtoto wa 1978 akiwa darasa la sita ana miaka 12 au 13, yaani 1990 au 1991. Babu kafariki, mmoja kaingia chuo, mwingine katoka shule, yote karibu mwaka mmoja. Wewe umeyaandika mbalimbali kwa sababu ndivyo ulivyoyasikia. Yaandike kando ya miraba yao, uone yanavyokaa pamoja. Simhukumu mtu, wala nawe usihukumu. Nenda ukaulize nani alibaki na bibi, nani alilipa ada ya nani.

Nilipochora wa kwetu nilikaa jamvini na bibi yangu. Nikachora watoto sita ninaowajua. Alinyamaza, kisha akaweka kidole kati ya mraba wa mjomba na duara la mama. "Hapa wapo wawili." Nikamwomba majina. La kwanza alilotaja lilikuwa la mama yangu. Mama alirithishwa jina la dada yake aliyezikwa kabla yeye hajazaliwa, na maisha yake yote bibi hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Alimwita "Mwanangu". Nilikuwa nadhani ni mapenzi tu.

Kwa hiyo anza na bibi, na ugomvi usiutaje. Uliza nani alimlea nani, nani kazikwa wapi, nani hakufika matangani. Upande wa Kigoma weka miraba mitupu yenye alama ya kuuliza. Manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge kama babu yako, wengi walikuja Tanga vijana, peke yao, wakazikwa hukohuko kambini. Wazee waliofanya kazi na babu yako huenda wanakumbuka kijiji alichokitaja. Kijana aliyefiwa na baba huku hana ukoo wa kukimbilia hubaki na kaka yake tu, na kaka naye akiondoka, hilo linauma.

Posa isingoje haya. Mwombe mjomba aipokee, baba aridhie, na baba mkubwa apewe taarifa kwa heshima, asisikie mtaani.

Halafu siku moja jioni, baba akiwa ametulia, mpe penseli akuchoree ndugu zake kwa mkono wake. Wewe kaa kimya. Tazama kaka yake anamweka wapi, na ni mwaka gani anasita kuuandika.